Historia ya Njia ya Reli ya Sierra Leone

Sisi wenyeji wa Kongo tumezoea kufikiri ya kwamba njia ya reli ikisha kujengwa haitoweki tena. Hata treni ikikawia majuma mengi, vyuma hubaki mahali pake. Yafaa basi tutazame Sierra Leone, inchi ndogo ya Afrika ya Magharibi, ambako vyuma vyenyewe viling'olewa.

Gavana Frederic Cardew ndiye aliyeihimiza kazi hiyo. Ilianza Freetown katika mwaka 1896, mwaka uleule Waingereza walipotangaza kwamba bara iko chini ya ulinzi wao. Mwaka 1898 Cardew akatoza kodi ya nyumba, na vita ikawaka: Bai Bureh upande wa kaskazini, Wamende upande wa kusini. Vita ikazimwa, reli ikaendelea. Ilifika Songo mwaka 1899, Bo mwaka 1903, na kufikia 1908 ilikuwa Pendembu, mashariki kabisa, kilometa karibu 365 toka Freetown.

Kwa kuogopa gharama walichagua upana wa milimetri 762 tu. (Reli za Katanga zina 1067, zile za Vicicongo, kwetu Uele, zilikuwa na 600.) Kwa hiyo treni ilikwenda polepole, ikizunguka vilima, nayo haikuweza kuvuta mizigo mizito. Ilibeba hasa mawese na kokwa za ngazi. Lakini tusiidharau. Kwa njia hiyo Bo ilikua kuwa mji, na tangu 1906 ikawa na shule la watoto wa machifu. Wafanyabiashara Wakrio na Walebanoni walifuata vituo. Wafanyakazi nao walijifunza kudai haki: waligoma mwaka 1919, na tena 1926 kwa majuma kama sita, ijapokuwa serikali iliwashinda.

Baadaye mizigo ikahamia kwenye malori, hasara ikaongezeka, na Shirika la Fedha la Kimataifa likashauri njia ifungwe. Serikali ya Siaka Stevens ikakubali; treni za mwisho zilitembea mwaka 1974. Wengi husema Stevens aliwaadhibu Wamende, maana njia ilipita katika inchi ya wapinzani wake. Kwetu neno hilo halitoshi: tawi la Makeni, kaskazini, kwa watu waliomuunga mkono, liliondolewa vilevile. Hasara ilikuwa ya kweli. Ila kufunga ni jambo moja, kung'oa ni jingine. Aliyefunga angaliweza kufungua tena. Mkulima wa kakao wa Kailahun alibakiziwa lori na matope ya masika. Tena Stevens mwenyewe, katika ujana wake, alikuwa ameifanyia kazi kampuni ya chuma ya Marampa, iliyokuwa na reli yake hadi bandari ya Pepel!

Mashini chache zilisahauliwa katika karakana ya Cline Town, Freetown. Wakati wa vita ya 1991 hadi 2002 wakimbizi walijihifadhi humo. Mwaka 2005 karakana ikafunguliwa kuwa makumbusho, na ndani yake limo behewa lililotengenezwa kwa ziara ya Malkia Elizabeth II ya mwaka 1961.