Gari la Petroli na Umeme: Injini Ikinyamaza Nayo Yataka Oili

Ndugu zangu Wapwani, miongoni mwa magari yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani mna Mitsubishi Outlander ya kuchaji kwa plagi. Naulizwa sana barazani: hili ni la petroli au la umeme? Ni yote mawili, na asiyelijua huliua injini akidhani analipumzisha.

Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2013 likiwa na injini ya lita 2.0, betri ya kWh 12 na mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma. Mwaka 2018 injini ikawa ya lita 2.4 na betri ya kWh 13.8.

Huenda kwa njia tatu, na huchagua lenyewe:

1. Umeme mtupu: betri inazungusha mota, injini imezima.
2. Betri ikipungua, au ukikanyaga sana, injini huwaka kuzalisha umeme tu. Magurudumu bado yanazungushwa na mota.
3. Kwenye mwendo wa kasi, kama barabara ya Mariakani, injini huyasukuma magurudumu ya mbele, na mota zikasaidia.

Kuna na vibonye viwili. "Save" huhifadhi chaji: ukitoka Malindi, iweke uje kuitumia kwenye foleni ya Mtwapa. "Charge" huwasha injini ijaze betri hata gari likisimama, lakini hula petroli. Plagi ya nyumbani ni nafuu zaidi.

Sasa penye tatizo. Anayechaji kwake Nyali na kufanya kazi mjini aweza kumaliza wiki bila kuisikia injini, akaona sevisi haina haja. Oili huzeeka kwa muda pia, si kwa kilomita peke yake. Injini inayowaka dakika mbili ikazima kabla haijapata moto huacha unyevu ndani ya oili. Petroli nayo ikikaa sana tangini huharibika. Ndiyo maana gari hili likipitisha kama miezi mitatu bila mafuta mapya huwasha injini lenyewe. Hiyo si hitilafu.

Kwa hivyo:

- Badilisha oili kila mwaka, hata kilomita zikiwa chache.
- Usijaze tangi kama husafiri. Tia kidogo kidogo, iwe mpya.
- Angalau mara moja kwa mwezi, safiri injini ikiwaka mpaka ipate moto sawasawa.
- Angalia betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa.
- Nyaya za rangi ya machungwa hubeba takriban volti 300, nazo zaua. Mwachie fundi aliyesomea umeme wa magari.

Na ukienda kununua, usidanganywe na kilomita chache. Chomoa kijiti cha oili kwanza, kisha uulize ilibadilishwa lini.