John Clarke ni nani? Msee aliyeanza na tone la solda

Ukishuka barabara ya Magadi hadi Oltepesi, macho yanaona mawe, vumbi na mbuzi tu. Kumbe hapo uko ndani ya Bonde la Ufa. Wasee hujuaje kama chini kuna joto kabla ya kuchimba? Hapo ndio John Clarke anaingia.

Alizaliwa 1942, Cambridge, Uingereza. Miaka ya 60, akiwa bado anasomea udaktari huko huko, alidondosha solda, kama ile ya fundi wa simu, juu ya waya wa niobiamu, akaitumbukiza kwa heliamu baridi mbaya. Kitu ikashika! Ikapima volti ndogo ajabu, kwa nguvu za kwantumu. Ikaitwa SLUG, yaani konokono bila gamba. Na kweli ilikuwa na sura mbaya.

Akahamia Berkeley, Marekani, akazama kwa vihisi vya kwantumu vinaitwa SQUID. 1979, yeye na wenzake Gamble na Goubau walitoa mbinu noma: pima sumaku sehemu mbili saa moja. Kelele ya nyaya za stima hapa haifanani na ya kule, so inatupwa. Inabaki ishara ya asili, inayoonyesha miamba gani chini inapitisha umeme. Hadi leo wanaotafuta mvuke wa ardhini huitegemea, na Kenya mvuke huo hutoa zaidi ya asilimia 40 ya stima.

2025 alipata Nobel ya Fizikia na Devoret na Martinis, ingawa kwa kazi nyingine: majaribio ya saketi ya 1984 na 1985. Alikuwa na miaka 83.