Ikama: hesabu ya watumishi hutangulia majengo

Ikama ni idadi ya watumishi ambao taasisi imeidhinishiwa kuwa nao, kwa kada na vyeo. Kuipanga huanza kwa kuhesabu waliopo, wanaokaribia kustaafu na kazi zitakazoongezeka. Katika utumishi wa umma nchini, suala la kustaafu si fumbo: kwa watumishi wengi umri wa hiari ni miaka 55 na wa lazima 60.

Ugumu uko kwenye muda. Daktari husoma chuo kikuu miaka 5, kisha hufanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1. Pengo la leo, basi, lilipaswa kuonekana miaka 6 iliyopita.

Tanzania ilisitisha ajira nyingi serikalini katika miaka ya 1990 ili kubana matumizi. Mwaka 2007 ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, huku wataalamu wakiwa pungufu mno. Jengo hukamilika kwa miezi. Muuguzi wa stashahada husomeshwa miaka 3. Zahanati yenye mtumishi mmoja, akiugua yeye, wagonjwa hukuta mlango umefungwa.