Barua Iliyokataliwa London: Habari za Theluji ya Kilimanjaro

Leo tutaziacha habari za vita na watawala, tuzungumze juu ya jambo ambalo kila msafiri amepata kulionja: kuwaandikia wenzako wa nyumbani yale uliyoyaona, nao wasiyasadiki.

Siku hizi mtalii anayeshuka Marangu huwa ameshawapelekea jamaa zake picha za Kibo, na za tembo na twiga aliowakuta mbugani, kabla hata hajavua viatu. Mwaka 1848 haikuwa hivyo. Mwaka huo Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha London kiitwacho Church Missionary Society, alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akashika njia ya Uchagga. Aliyeuongoza msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezoea njia ile. Walipita nyika yenye vifaru na tembo, na husimuliwa kwamba silaha ya Rebmann ilikuwa mwavuli tu.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, kabla ya kufika Taveta, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi. Jibu alilopewa lilikuwa neno moja: baridi. Angalieni neno hilo, wasikilizaji. Mtu wa pwani hakuwa na neno la theluji kwa kuwa hakuiona kwao, lakini alijua inavyofanya kazi, akaitaja kwa kazi yake. Wachagga wenyewe walikuwa na jina, Kibo, na Rebmann alilisikia.

Akasimuliwa na jambo la pili. Zamani kidogo Mangi Rungua wa Machame alituma watu juu wakautazame weupe ule, maana ilidhaniwa ni fedha. Akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Tena kile kilichodhaniwa fedha, kikiteremshwa chini, kiligeuka maji. Mimi nasema uchunguzi wa kwanza wa theluji ya Kilimanjaro ndio huo, nao ulifanywa na watu wa Machame, wakaulipa kwa maisha yao.

Rebmann akaandika yote, na mwaka 1849 habari ikapigwa chapa katika gazeti la chama chake. Mwaka huo huo Krapf, mwenzake wa Rabai, aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali, na mwezi Desemba akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani.

London je? Palikuwa na mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley. Hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Alisoma vitabu vya kale na kuwahoji watu wa Zanzibar waliofika Uingereza, na kwa njia hiyo alijua mengi kweli. Akasema theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba Rebmann aliiona kwa fikira zake, si kwa macho. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 akashikilia hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba Ulaya ilikwisha kujua habari za Chimborazo, mlima wa theluji ulio karibu na ikweta huko Amerika ya Kusini. Alexander von Humboldt aliupanda mwaka 1802. Basi shida haikuwa ikweta tu. Nadhani shida ilikuwa nani anasema: mmisionari asiye na vyombo vya kupimia, na nyuma yake kiongozi wa msafara na wazee wa Machame.

Lakini tusimwonee Cooley, maana habari za misafara nazo ziliweza kupotoka. Mwaka 1856 Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walitoa ramani iliyotokana na maneno ya wasafiri wa pwani, nayo ikaonyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Kila msafiri alisema kweli juu ya ziwa lake: huyu Nyasa, huyu Tanganyika, huyu Viktoria. Aliyeyaunganisha ndiye aliyekosea. Hata hivyo ramani hiyo iliwasukuma wakubwa wa London kuwatuma Burton na Speke kwenda kutazama.

Ubishi wa theluji uliendelea mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipokuja na wapimaji. Mwaka 1862, pamoja na Otto Kersten, alipanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo. Mwaka 1871 Charles New, akitokea Moshi kwa Mangi Rindi, aliyeitwa pia Mandara, aliigusa theluji kwa mkono wake. Wengi wa msafara walishindwa na baridi njiani. Tofiki alifika naye.

Tangu hapo wasafiri walipenda kurudi na ushahidi mkononi. Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller mwaka 1889 huku Mwini Amani wa Pangani akiwalindia kambi, alimpelekea Kaisari jiwe la kileleni. Naye Mchungaji Richard Reusch alikata kipande cha sikio la chui aliyeganda karibu na ukingo wa kreta. Nani angeamini chui juu kule bila sikio?

Sasa mambo yamegeuka. Kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Mjukuu wako atakapoambiwa kwamba kilele kilikuwa cheupe mwaka mzima, huenda akawa Cooley.

Kazi yenu basi, ninyi wa Kibosho, Machame, Marangu na Moshi mjini. Mwendeeni mzee mmoja, bibi au babu, mwulizeni: alipokuwa mtoto weupe ulishuka mpaka wapi, naye aliutazama akiwa wapi, mwezi gani? Andikeni jibu kwa maneno yake mwenyewe, hata likiwa neno moja, na tarehe mliyoulizia. Juma lijalo tutaanza na majibu hayo.