Nani Aliungana, Nani Aliunganishwa?

Mwanafunzi wa historia akifika kwenye Ulaya ya karne ya 19 hukutana na maneno "muungano wa Italia", naye hupita bila kusimama. Muungano anaujua: ni ule wa Tanganyika na Zanzibar, ambao hati yake ilitiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Karume mwezi Aprili 1964. Lakini ya Italia hayakwenda hivyo, na Kiswahili kina njia ya kuonyesha tofauti hiyo kwa kunyambua kitenzi kimoja tu.

Kitenzi chenyewe ni unga. Ungana ina watendaji wengi, kila mmoja akitenda kwa upande wake. Unganisha ina anayetenda na wanaotendwa, na unganishwa ndiyo inayowatanguliza hao waliotendwa. Kutoka ungana tunapata nomino muungano, na kutoka unganisha tunapata uunganishaji. Iko ya tatu, umoja, ambayo haisemi lolote kuhusu njia iliyopitwa. Yenyewe hutaja hali ya kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kabla ya kuchagua istilahi sharti tuulize: nani alitenda?

Mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 uliiacha Italia vipande vipande. Ufalme wa Sardinia ulitawaliwa kutoka Turin. Lombardia na Venezia zilikuwa mikononi mwa Austria. Parma, Modena na Toscana zilikuwa na watawala wao, Papa akashika sehemu ya kati, na kusini kulikuwa na Ufalme wa Sisilia Mbili wenye makao Napoli. Mwaka 1831 Giuseppe Mazzini alianzisha chama cha Italia Changa, akitaka jamhuri moja itakayosimamishwa na wananchi wenyewe. Ndoto yake ingetimia, neno muungano lingefaa.

Haikutimia. Mwaka 1859 Camillo Cavour, waziri mkuu wa Sardinia, alitumia msaada wa jeshi la Ufaransa kuinyang'anya Austria Lombardia. Mwaka uliofuata Giuseppe Garibaldi alitua Marsala na watu wapatao elfu moja, akauangusha utawala wa Napoli, kisha akaikabidhi kusini yote kwa Vittorio Emanuele, mfalme wa Sardinia. Kura zilipigwa, ila mpiga kura aliulizwa kama anamkubali mfalme ambaye tayari alikuwa mlangoni. Ufalme wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861. Venezia ikaingizwa 1866, Roma 1870. Katiba ya Sardinia ikawa katiba ya wote. Hata mfalme aliendelea kuitwa wa Pili, kwa hesabu ya Sardinia, ingawa Italia haikuwa na wa Kwanza. Dola moja ilizimeza nyingine, na jina la tendo hilo ni uunganishaji. Waitalia huliita Risorgimento, yaani kuinuka tena. Pale tunapozungumzia fikra na vyama vya siri, "mwamko wa Italia" hutosha.

Sasa tuzipime istilahi hizi Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Kabla ya ukoloni Abagusii, yaani Wakisii, walikuwa na lugha moja, Ekegusii, na babu mmoja wa masimulizi, Mogusii. Serikali moja hawakuwa nayo. Koo za Kitutu, Nyaribari, Bomachoge, Bobasi, Bonchari na Mugirango zilijiamulia mambo yao, vijana wakilinda ng'ombe katika kambi za mifugo, ebisarate. Koo zilipigana na kuozana, hata ukazaliwa usemi kwamba tunaowaoa ndio tunaopigana nao. Ni Kitutu tu iliyokaribia kuwa na mtawala wa kurithi, omogambi, naye hakuwa na haja ya kuwa Cavour wa Gusii. Palikuwa na umoja bila muungano.

Uunganishaji uliletwa na Waingereza. Walipeleka askari mwaka 1905, na mwaka 1907 ofisa wao, G. A. S. Northcote, akafungua kituo Kisii. Januari 1908 Mgusii aitwaye Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, lakini kisasi kilichofuata kiliua watu, kikachoma nyumba na kuswaga mifugo. Baadaye kila ukoo ukafanywa lokesheni yenye chifu wa serikali, na zote zikawekwa katika wilaya ya South Kavirondo pamoja na Wajaluo na Wakuria. Hapa pana tofauti na Italia: Sardinia ilikuwa mmoja wa walioingia chini ya bendera mpya, ilhali aliyewaunganisha Abagusii alitoka nje, naye alitaka wilaya, hakutaka taifa.

Kuungana kwenyewe kulikuja polepole. Misheni za Nyabururu na Nyanchwa ziliandika Ekegusii na kuisomesha. Kahawa iliyoanza kupandwa miaka ya 1930 iliwaletea wakulima wa koo mbalimbali chama kimoja cha ushirika. Uhuru ulipokuja, Wakisii walikuwa na wilaya yao na baraza lao la kaunti, Gusii County Council.

Kisha mipaka ikachorwa upya. Nyamira ilimegwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na katiba ya Kenya ya 2010 ikazifanya Kisii na Nyamira kaunti za 45 na 46. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mpaka huo umepasua koo: Kitutu Chache iko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira, Mugirango Kusini iko Kisii, Mugirango Kaskazini na Magharibi ziko Nyamira. Mji wa Keroka uko mpakani, na kaunti zote mbili zimeugombania kwa sababu ya ushuru wake. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba Abagusii wamekuwa watu wawili. Utawala umegawanyika, umoja umebaki.

Ndiyo maana mwanasiasa anayehubiri "umoja wa Omogusii" wakati wa uchaguzi haombi jambo la kisheria. Anaomba kura zisitawanyike. Akisema muungano wa kaunti mbili, mzigo ni mwingine: kifungu cha 188 cha katiba kinadai pendekezo la tume huru, kisha thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Na akisema kaunti ziunganishwe, wasikilizaji wa Nyamira wana haki ya kumuuliza ni nani atakayeziunganisha, na makao makuu yatakuwa wapi.