Chama cha Hitler katika Wilaya ya Mbulu

Ndugu msomaji, tukisikia habari za vyama vya siasa kali za mrengo wa kulia, yaani vyama vinavyojenga siasa juu ya ubora wa damu na chuki kwa mgeni, wengi wetu hudhani hiyo ni fitina ya Ulaya, iliyo mbali nasi. Taarikh inasema vinginevyo. Chama mashuhuri kuliko vyote vya aina hiyo, chama cha Manazi wa Ujerumani, kilikuwa na wafuasi wake katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, ndani ya Wilaya ya Mbulu.

Kwanza tuweke wazi mipaka. Mbulu ya zama za Waingereza ilikuwa wilaya kubwa. Hanang, Babati na Karatu zote zilikuwa ndani yake. Hanang ilitengwa, Karatu ikafuata baadaye, na mwaka 2002 ulipoundwa Mkoa wa Manyara, Karatu pamoja na Oldeani ilibaki Arusha. Kwa hiyo anayetafuta habari hizi katika nyaraka za zamani na azitafute chini ya jina la Mbulu.

Je, walifikaje? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kijerumani walifukuzwa Tanganyika, na mashamba yao yakauzwa. Mwaka 1925 katazo liliondolewa, wakaanza kurejea. Oldeani, kando ya nyanda za Ngorongoro, ikawa moja ya ngome zao. Wairaqw, ambao kitovu chao ni Kainam, walikuwa wakisogea kaskazini kutafuta ardhi. Huko walikuta nchi imekwishapimwa na kugawiwa walowezi, na baadhi yao wakawa vibarua.

Hitler alishika madaraka Januari 1933. Chama chake kilikuwa na idara maalumu ya Wajerumani walio nje, chini ya Ernst Wilhelm Bohle, na Tanganyika haikuachwa. Mtu huingia chama kama hicho kwa sababu nyingi: mmoja kwa itikadi, mwingine kwa tamaa ya kuona koloni linarudi na ardhi yake inasalimika, mwingine kwa kuogopa kutengwa na jirani zake. Mwanahistoria muadilifu hawaweki wote katika kapu moja, wala hamsafishi yeyote kwa udhuru huo.

Wakati huohuo Berlin ilidai kurudishiwa makoloni. Mwaka 1936 jumuiya za wadai hao ziliunganishwa chini ya Franz von Epp, na mwaka 1938 walowezi wa Kiingereza wakaunda umoja wao, Tanganyika League, kupinga. Kambi mbili zikagombania nchi, na wenye nchi hawakuulizwa.

Sasa tazama ni ardhi gani itikadi ile iliifikia. Mbulu na Hanang ni mahali ambapo Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, Wahadza ambao lugha yao haijulikani kuwa na ndugu, na jirani zao Wabantu wameishi ubavu kwa ubavu. Wataalamu wa Kizungu waliwapanga watu wa namna hii kwa ngazi kupitia nadharia ya Kihami, iliyodai kwamba kila maendeleo ya Afrika yaliletwa na wafugaji weupe, wana wa Hamu. Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1912. Mwaka 1933 akajiunga na chama cha Hitler. Ludwig Kohl-Larsen, naye mwanachama, alichimba kando ya Ziwa Eyasi na mwaka 1935 akapata vipande vya fuvu la kale, akakusanya na hekaya za Wahadza. Fuvu lile ni ushahidi, na hekaya zile ni amana. Dhambi ya chama haizifuti. Kazi ya msomaji ni kupambanua kipi ni ushahidi na kipi ni hawaa ya mwandishi.

Katika hili Ibn Khaldun alitangulia. Karne ya 14 alikanusha dai kwamba weusi ni laana ya Hamu, akasema rangi hutokana na hali ya hewa. Lakini insafu inatulazimu tuseme pia kwamba katika kitabu hichohicho aliandika maneno ya kuwadharau watu weusi. Asabiya haina dini wala bara.

Na madhara yake yalimfika ndugu yetu. Bayume Mohamed Husen, Mwislamu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, akahamia Berlin mwaka 1929 na kufundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa kambi ya Sachsenhausen, na akafa humo Novemba 1944.

Huku kwetu mambo yaliisha Septemba 1939. Vita vilipotangazwa, Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Lakini fikra haikufungwa pamoja nao. Mwezi Februari 2025 chama cha AfD, chenye kushikilia siasa dhidi ya wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura za Ujerumani na kuwa cha pili.

Tusiishie kunyoosha kidole Ulaya. Hadi leo Mdatoga huitwa Mmang'ati, jina lenye asili ya neno la Kimaasai la adui, na Mhadza huhesabiwa mtu wa porini. Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwishakata shauri: makabila ni ya kujuana. Imamu anayeliacha jina hilo litumike kwa dharau barazani mwake, na atafakari ngazi ile ya Meinhof ilianzia wapi.

Wallahu a'lam.