Vitabu 200 Bila Rehani

Mwaka 1219 msomi mmoja aliuaga mji wa Merv huku moyo ukimuuma. Merv leo ni magofu, yamo Turkmenistan. Wakati ule ulikuwa mji wa wanazuoni. Jina la msomi huyo ni Yaqut al-Hamawi. Alikamatwa utotoni katika nchi ya Warumi wa Mashariki, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara aliyemsomesha ili amwekee hesabu. Baada ya kuachwa huru alikula kwa kazi ya kunakili na kuuza vitabu. Baadaye aliandika kwamba lau si majeshi ya Wamongolia, asingeuhama Merv mpaka kufa kwake. Watu wake walikuwa wema, na vitabu vilikuwa vingi na vyepesi kupatikana.

Merv ilikuwa na maktaba 10 za wakfu, nyingine katika msikiti mkuu, nyingine katika madrasa. Moja tu kati yake, iliyoitwa Aziziyya, ilikuwa na juzuu zipatazo 12,000. Yaqut anasema nyumba yake haikukosa juzuu 200 au zaidi za kuazima, nyingi kati yake bila rehani, ingawa thamani yake ilifika dinari 200.

Naomba msomaji aipige hesabu hiyo taratibu. Dinari ni sarafu ya dhahabu, na kila juzuu iliandikwa kwa mkono, herufi baada ya herufi. Mgeni, mtu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni, anaruhusiwa kupitisha mlangoni mali ya wakfu yenye thamani hiyo, na hakuna anayemwambia aache pete wala kanzu. Kilichotokana na uaminifu huo tunacho. Yaqut aliandika kamusi kubwa ya miji na nchi, Mu'jam al-Buldan, na akakiri kwamba faida nyingi zilizomo humo alizichuma katika maktaba zile. Ndani ya kamusi hiyo imo pwani yetu: Mogadishu imo, Mombasa imo, Kilwa imo, na kipo kisiwa anachokiita Lunjuya, ambacho sisi tunakiita Unguja.

Mwaka 1221 Wamongolia waliuangamiza Merv. Maktaba zake zikaenda na mji. Yale ambayo Yaqut alikwisha kuyachota kutoka kwenye vitabu vya kuazima yanasomwa hadi leo.

Historia ya maktaba za vyuo imezoea kuelezwa kwa majengo, wafadhili na idadi ya rafu. Mimi naamini ingeelezwa vizuri zaidi kutoka kwenye kaunta ya kuazimia, maana hapo ndipo chuo kinapoamua kinawaamini watu wake kiasi gani. Kiswahili kimelifikiria jambo hili vyema. Kukopa ni kuchukua fedha au sukari, ukarudisha nyingine inayolingana nayo. Kuazima ni kuchukua kitu na kurudisha kilekile, na lugha haikuona haja ya kuwatenga sana mtoaji na mpokeaji: mimi naazima kwako, nawe unaniazima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuhusu kitabu hawakusema hivyo, na nadhani walikuwa na sababu, kwa kuwa kitabu cha kuazima kinasitiri hata baada ya kurudishwa.

Ulaya ilianza kwa hofu zaidi. Chuo cha Sorbonne mjini Paris, kilichoanzishwa mwaka 1257, kilikuwa na vitabu 1,017 kwenye orodha yake ya mwaka 1290. Mwaka mmoja kabla ya orodha hiyo, wakuu wa chuo waliigawa maktaba sehemu mbili. Vitabu vilivyotafutwa na kila mtu vilifungwa kwa minyororo katika chumba kikubwa, visomwe palepale. Vilivyobaki, hasa vile vyenye nakala zaidi ya moja, viliwekwa katika maktaba ndogo ili viazimwe. Mwaka 1321 likaongezwa sharti kwamba kitabu kisitoke bila rehani yenye thamani kubwa kuliko kitabu chenyewe, iwe dhahabu, fedha au kitabu kingine. Orodha ya mwaka 1338 ilitaja juzuu 1,722, na nyingi miongoni mwake hazikupatikana. Rehani haikuwa imefaulu kuzirudisha zote.

Oxford nako vitabu vyenyewe viligeuka rehani. Mwanafunzi aliyekwama kifedha alipeleka kitabu chake kwenye sanduku la mikopo la chuo, akapewa fedha, akaja kukikomboa baadaye. Thomas Bodley alipoifungua maktaba yake mjini humo, tarehe 8 Novemba 1602, aliweka kanuni ngumu kuliko za Paris: hakuna kitabu kitakachoazimwa, kwa yeyote. Desemba 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa ameifanya Oxford makao yake. Akaagiza kitabu cha historia kilichoandikwa na Mfaransa d'Aubigné. Mkutubi John Rous alimpelekea kanuni badala ya kitabu, na mfalme, aliyekuwa na jeshi lake mitaani, akakubali. Mwaka 1654 mtawala Oliver Cromwell aliomba mswada kwa ajili ya balozi wa Ureno. Jibu likawa lilelile.

Kisa hicho husimuliwa kwa sifa, na kwa kweli ujasiri wa mkutubi yule unastahili heshima. Kanuni isiyopindishwa kwa mfalme inamlinda pia mwanafunzi maskini. Hata hivyo, nikimweka Rous upande mmoja na wakutubi wa Merv upande mwingine, moyo wangu unaenda Merv.

Unaenda Timbuktu pia. Huko, katika karne ya 16, aliishi Muhammad Baghayogho, mwalimu wa Ahmad Baba na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa mji ule. Ahmad Baba ameandika kwamba mwalimu wake aliwaazima watu vitabu vyake vya thamani kubwa bila kuwafuatilia, na vingi vilipotea kwa njia hiyo. Mwanafunzi aliweza kufika mlangoni, akataja kitabu, akapewa, hata kama mwenyewe hamjui ni nani. Ahmad Baba alishangazwa na jambo hilo kwa sababu alijua Baghayogho alivipenda vitabu, alivinunua na kuwapa watu kazi ya kumnakilia. Baghayogho alifariki mwaka 1594. Katika miaka hiyohiyo majeshi ya Morocco yalimchukua Ahmad Baba uhamishoni Marrakesh, na yeye alilalamika kuwa juzuu zake 1,600 ziliporwa, ingawa maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake wote. Ukivilinganisha visa hivi viwili utaona kwamba vitabu vya Baghayogho vilipotelea mikononi mwa wasomaji, na vya Ahmad Baba mikononi mwa askari.

Taratibu vyuo vya Ulaya navyo vililegea. Göttingen, nchini Ujerumani, ilijulikana katika karne ya 18 kwa kuwaazima vitabu hata wanafunzi, na St Andrews kule Scotland madaftari ya kuazimia ya karne hiyo yamehifadhiwa. Daftari la namna hiyo ni hazina. Linaonyesha kijana wa miaka 16 alichukua nini wiki ya kwanza ya muhula, alikaa nacho siku ngapi, alirudi kuchukua nini. Daftari likapisha kadi katika mfuko wa jalada, na kadi ikapisha mashine: mwaka 1936 Ralph Parker, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Texas, alianza kutumia kadi za kutobolewa matundu kufuatilia vitabu vilivyotoka. Baadaye ikaja mistari myeusi inayosomwa kwa mwanga.

Kwetu mambo yalikuja kwa kasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Waliosoma katika vyuo vya Afrika Mashariki wanaikumbuka ile karatasi iliyogundishwa ndani ya jalada, yenye safu za tarehe za muhuri. Kwa kuitazama tu ulijua kitabu kipi kinagombewa na kipi kimelala miaka 12. Kilichogombewa hakikukaa rafuni. Kiliwekwa nyuma ya kaunta, kikaazimwa kwa saa, au kwa usiku mmoja: unakichukua maktaba inapokaribia kufungwa, unakirudisha asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Usiku huo mmoja kitabu kilisomwa na chumba kizima. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine aliandika, wa tatu alilala kidogo ili aamshwe saa nane za usiku apokee zamu.

Katika chuo nilichosoma niliwahi kusubiri kitabu kimoja kwa siku 9. Kilipofika mikononi mwangu, sura niliyoihitaji haikuwamo. Ilikatwa kwa wembe, vizuri kabisa, kando ya mshono. Uchungu ule ninao bado. Aliyekata alikirudisha kitabu kwa wakati, akagongewa muhuri, akasaini kliarensi yake siku ya kumaliza chuo kama watu wengine wote.

Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na uwezo wa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Siku hizi sehemu kubwa ya usomaji iko kwenye kompyuta na simu. Kitabu cha kidijitali hakichelewi kurudishwa. Muda ukiisha kinajifunga chenyewe. Sina ugomvi nacho, kwa kuwa mwanafunzi aliye Songea anakipata kama aliye Ubungo. Ninachokikosa ni ile nafasi ya mtu kukirudisha kwa hiari yake.

Maana kurudisha kuna historia yake, na ni nzuri. Karne ya 17 Kanali Robert Walpole aliazima kitabu kutoka chuo cha Sidney Sussex, Cambridge. Mwanahistoria John Plumb alikikuta katika maktaba ya jumba la kifahari huko Norfolk, akakirudisha chuoni baada ya miaka 288. Hakuna aliyetozwa faini. Mjini humohumo, madaftari mawili ya Charles Darwin, moja likiwa na mchoro wake maarufu wa mti wa uhai wa mwaka 1837, yaligundulika hayapo mwaka 2001. Novemba 2020 maktaba ya chuo kikuu ilitoa ombi kwa umma, na Machi 2022 yakakutwa nje ya ofisi ya mkutubi mkuu, ndani ya mfuko wa zawadi wa rangi ya waridi, pamoja na bahasha yenye salamu za Pasaka. Aliyeyaleta hakuonekana.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliishukia Cape Town, ukaingia chuo kikuu na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger. Vitabu vipatavyo 70,000 vya mkusanyo wa masomo ya Afrika viliungua, vitabu ambavyo msomi wa Nairobi au Kampala angevihitaji kama wa Cape Town. Nilipoziona picha za mapaa yale yakiwaka, nilikumbuka moto mwingine.

Usiku wa tarehe 24 Januari 1764, theluji ikianguka, jengo la Harvard Hall liliwaka. Bunge la koloni la Massachusetts lilikuwa likikutana humo kwa sababu Boston ilikuwa na ndui, na wabunge wakatoka usiku kubeba ndoo za maji. Haikusaidia. Vitabu vipatavyo 5,000 viliungua, vikiwamo vile ambavyo John Harvard alikiachia chuo mwaka 1638. Vilivyopona ni kama 400: vingine vilikuwa havijafunguliwa kutoka kwenye mizigo, na vingine vilikuwa vimeazimwa. Miongoni mwa vilivyoazimwa kilikuwamo kitabu kimoja cha John Harvard mwenyewe, kazi ya John Downame kuhusu vita vya Mkristo dhidi ya shetani, dunia na mwili, toleo la mwaka 1634. Wanafunzi wa Harvard wanapenda kusimulia kwamba aliyekuwa nacho alikirudisha, akashukuriwa na mkuu wa chuo, kisha akafukuzwa kwa kukitoa bila ruhusa. Kufukuzwa huko hakuna ushahidi. Kitabu kipo. Kimehifadhiwa katika maktaba ya Houghton, chuoni hapohapo, na anayetaka kukisoma anaketi mezani chini ya macho ya mkutubi, kwa sababu hakiazimwi tena.